Kijana wa Kompyuta na Simu ya Upepo

Ukitoka Kampala na kuvuka mto Nile, unafika mzunguko wa Nalufenya, na hapo njia zinaachana: moja inaingia Jinja mjini, nyingine inashika Iganga na kuendelea hadi Mbale. Bodaboda wamejipanga, moshi wa nyama choma unapanda, na hakosekani kijana aliyeinamia meza ndogo akifungua simu iliyoingia maji. Mkononi ana bisibisi nyembamba kama sindano. Pembeni kompyuta ya zamani inapakia Windows kwa mara ya tatu. Shule amemaliza, ada ya chuo haijapatikana. Jeshi likitangaza nafasi za kuruti, jamaa zake huwa na jibu tayari: "Wewe mtoto unajua kompyuta. Nenda tu, watakuweka kwenye mawasiliano."

Ushauri huo si mbaya. Ila wanaoutoa huwa wanawaza ofisi yenye kiyoyozi, skrini tatu na kiti cha kuzunguka. Kitengo cha mawasiliano jeshini kina skrini kweli, tena siku hizi nyingi kuliko zamani, lakini moyo wake ni kitu kingine: ujumbe utoke kwa mtu mmoja ufike kwa mwingine, mzima, kwa wakati, bila wa tatu kuusikia. Kompyuta ni chombo kimoja tu cha kazi hiyo. Kuna siku chombo ni waya uliofungwa kwenye mti, na kuna siku ni kalamu.

Jinja ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili, kwa sababu ni mji wa askari. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, kikosi cha nne cha King's African Rifles, KAR, ambacho makao yake yalikuwa hapa, ndicho kilichogeuka kuwa jeshi la taifa jipya. Leo mjini kuna kambi ya Gaddafi yenye chuo cha maofisa wa ngazi ya chini, Kimaka kuna chuo cha makamanda na wanadhimu, na ng'ambo ya mto, Njeru, kuna chuo cha taifa cha ulinzi. Nalufenya yenyewe ina jina la aina nyingine. Kwa miaka kadhaa kituo chake cha polisi kilitajwa nchini kote kwa mahabusu yake na kwa malalamiko ya mateso, mpaka mwaka 2018 ilipoamriwa kibaki kituo cha kawaida. Mtoto aliyekulia hapa anajua mapema kwamba sare ina pande mbili.

Na lugha ya sare ni Kiswahili. Nyumbani ni Lusoga, Luganda au Lugisu, shuleni ni Kiingereza, lakini kwenye gwaride amri imekuwa ikitolewa kwa Kiswahili tangu enzi za KAR. Hata neno afande lilitokea kwenye effendi ya Waturuki, likaja na askari wa Kisudani, likabaki. Mwaka 2005 Kiswahili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaelekeza kifundishwe shuleni. Kijana wa Nalufenya anayekwepa Kiswahili kwa kuwa ni "lugha ya wanajeshi" huku akitaka kuwa mwanajeshi wa mawasiliano anajikata miguu. Mazoezi ya pamoja ya majeshi ya Afrika Mashariki, Ushirikiano Imara, yalipofanyika Jinja mwaka 2022, askari wa nchi mbalimbali walikutana uwanja mmoja. Mitambo haikutoka kiwanda kimoja. Lugha angalau wengi wao wana moja.

Kazi ya sikio jeshini inaonekana vizuri zaidi mbali na Jinja, huko Gulu, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Waasi wa LRA wa Joseph Kony walikuwa wametawanyika porini, kutoka kaskazini ya Uganda hadi kusini ya Sudan. Waliwasiliana kwa redio za masafa marefu, zile zinazoruka mamia ya kilomita bila mnara wowote. Makamanda walikuwa na saa zao maalumu za kuingia hewani kila siku. Walizungumza Kiacholi kilichojaa mafumbo, na walikuwa na jedwali la siri waliloliita TONFAS, herufi zilizosimama kwa saa, mwendeshaji, majina ya kupanga, masafa, anwani na usalama. Bila jedwali hilo, mtu angesikia maneno tu.

Upande wa pili walikaa wasikilizaji. Jeshi, UPDF, lilikuwa na wake. Idara ya usalama wa ndani, ISO, ilikuwa na wake. Polisi nao vilevile. Kila saa ya miadi ilipofika, mtu aliketi mbele ya seti, akashika masafa, akaandika kwa mkono alichosikia: nani anaita, nani anaitika, wanasema nini. Rasimu ilinakiliwa baadaye kwenye daftari safi na kupelekwa juu. Mazungumzo mengine yalirekodiwa kwenye kanda za kaseti. Waliofanya kazi hiyo kwa miaka walifika mahali pa kumtambua kamanda kwa sauti kabla hajajitaja, kama unavyomjua jirani kwa kikohozi chake.

Wakati ule hakuna aliyejua kwamba madaftari yale yangesafiri. Yalisafiri hadi The Hague. Kesi ya Dominic Ongwen, kamanda wa LRA aliyetekwa akiwa mtoto, ilifunguliwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai tarehe 6 Desemba 2016. Sehemu kubwa ya ushahidi kuhusu mashambulizi ya kambi za wakimbizi wa ndani, Pajule mwaka 2003, kisha Odek, Lukodi na Abok mwaka 2004, ilitoka kwenye redio zilizosikilizwa: makamanda wakiripotiana walichofanya, na watu wa vyombo vitatu, kila mmoja kwenye chumba chake, wakiandika. Wasikilizaji waliitwa kizimbani, wakaulizwa kuhusu mwandiko wao, kanda zao, na kwa nini daftari hili linasema hivi na lile linasema vile. Februari 2021 Ongwen alipatikana na hatia ya makosa 61, na Mei mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 25.

Fikiria kazi hiyo ilivyoonekana siku ilipokuwa ikifanyika. Joto, hedifoni zinabana masikio, hewani kuna mkwaruzo na milio, na sauti unayoitafuta inazama na kuibuka. Ukikosa neno, unaacha pengo na kuandika kwamba halikusikika. Hulijazi kwa kubahatisha. Hapo hakuna ujuzi wa kompyuta unaokuokoa. Kuna uvumilivu, mwandiko unaosomeka, na uaminifu wa kukiri kwamba hukusikia.

Pwani kuna kisa cha zamani kinachokwenda sambamba na hiki. Katika Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, wavunja siri wa Uingereza waliofukuzwa na Wajapani huko Mashariki ya Mbali walihamia Kilindini, Mombasa, wakafanya kazi katika shule ya Allidina Visram, iliyobeba jina la yule mfanyabiashara aliyeanzia Bagamoyo na kusambaza maduka yake hadi Uganda. Kazi yao ilikuwa kusoma ujumbe wa redio wa meli za Japani. Msimbo uliotumiwa na meli za biashara, JN-40, uliwashinda hadi Septemba mwaka huo, Wajapani walipofanya kosa katika kuutumia. Kosa hilo lilitoa uzi, uzi ukavutwa, na kufikia Novemba ujumbe mpya ulikuwa ukisomwa kadiri ulivyonaswa. Hesabu ya wavunja siri ilikuwa kali, lakini mlango ulifunguliwa na uzembe wa mtumaji. Siku hizi mabingwa wa usalama wa mitandao husema jambo hilohilo wakitaja nywila iliyobandikwa kwenye skrini.

Sasa twende Mbale, kwa sababu huko fizikia inaonekana kwa macho. Mji umekaa chini ya ukuta wa Wanale, mkono wa mlima Elgon, na juu ya ukuta huo imesimama minara. Haikuwekwa kule kwa mapambo. Mawimbi ya VHF, yale ya simu ya upepo ya mkononi, husafiri karibu sawa na macho: yakikutana na kilima, yanaishia hapo. Watu wawili waliosimama tambarare, antena zikiwa kimo cha mita 2, wanasikizana kwa kilomita kama 11 hivi, halafu mgongo wa dunia wenyewe unawatenganisha. Ukipandisha antena moja mita 1,000 juu ya tambarare, upeo wake unafika kilomita 130 hivi, ambao ni karibu umbali wa Mbale hadi Jinja kwa mstari ulionyooka. Ndiyo maana ya mnara wa kurudia mawimbi mlimani, na ndiyo sababu adui yeyote mwenye akili huutafuta mnara huo kwanza.

Redio ya HF, ile ya masafa marefu, ina ujanja mwingine. Mawimbi yake hupanda hadi ayonosfia, tabaka la anga lililochajiwa na jua, kisha hurudi chini mbali sana. Lakini jua linapozama tabaka hilo hubadilika, na masafa yaliyokuwa yakisikika vizuri saa nane mchana yanakufa saa mbili usiku. Mwendeshaji anayejua kazi yake hushusha masafa jioni bila kuambiwa. Antena yake inaweza kuwa waya tu. Kanuni ya mkono ni kugawa 143 kwa masafa, na jibu ni urefu wa waya kwa mita: masafa ya megahezi 7 yanataka waya wa mita 20 na kidogo, uliokatwa katikati na kutundikwa juu iwezekanavyo. Miembe miwili inatosha. Kijana aliyezoea simu inayojitafutia mtandao yenyewe atashangaa kuona mtu mzima akipima waya kwa hatua za miguu, kisha anazungumza na mwenzake aliye kilomita 400.

Basi kompyuta ziko wapi? Ziko kila mahali, na hapo jamaa wa kijana wetu wana haki. Redio ya kijeshi ya leo ni kompyuta yenye antena: inarukaruka kutoka masafa hadi masafa mara nyingi kwa sekunde, inasimba sauti kabla ya kuirusha, inatuma ramani na picha. Uganda ilipopeleka askari Somalia Machi 2007, ya kwanza katika ujumbe wa Umoja wa Afrika, vikosi vilihitaji kuunganishwa na Mogadishu, Kampala na baina yao wenyewe, kwa setilaiti pale ambapo hakuna nyaya. Sahani ya setilaiti ikielekezwa vibaya kwa nyuzi chache tu haishiki kitu. Mtambo ukipata joto unazima. Jenereta ikikosa mafuta, ujuzi wote wa mitandao unabaki kichwani.

Kwa kazi za namna hiyo Umoja wa Mataifa ulianzisha mwaka 2015 chuo cha mawasiliano ya kijeshi huko Entebbe, ambako mafundi kutoka nchi zinazochangia askari wa kulinda amani hujifunza mitambo ya umoja huo kabla au wakati wa kutumwa. Chuo hicho kina kozi maalumu kwa wanawake wa vitengo vya mawasiliano, maana vitengo hivyo vilikuwa vimejaa wanaume kwa mazoea tu. Hakuna kitu katika kusoma masafa au kuunganisha ruta kinachotaka ndevu.

Halafu kuna jambo linalowachekesha maafande na kuwaudhi mafundi simu: askari wa mawasiliano ndiye mara nyingi anayewanyang'anya wenzake simu. Simu iliyowashwa inajitangaza kwa mnara wa karibu, na anayesikiliza anajua watu wako wapi na ni wengi kiasi gani. Ramani ya programu ya mazoezi, Strava, ilionyesha dunia nzima mistari ya watu waliokuwa wakikimbia, na Januari 2018 zikaonekana ndani yake kambi za kijeshi zilizokusudiwa kufichwa. Usiku wa mwaka mpya wa 2023, jengo lililojaa askari wa Urusi huko Makiivka, Ukraine, lilipigwa kwa roketi, na wizara yao ya ulinzi ikasema chanzo kilikuwa askari kutumia simu. Aliyelelewa na simu mkononi anaanza kazi yake mpya kwa kuwaambia wenzake waizime.

Njia ya kuingia haina siri. UPDF hutangaza nafasi wilaya kwa wilaya. Mwombaji awe raia, asiwe chini ya miaka 18, awe na kitambulisho cha taifa na barua za viongozi wa mtaa, na kwa kawaida cheti cha kidato cha nne. Kisha ni mbio, daktari na maswali. Kujiunga ni bure, na jeshi lenyewe huonya mara kwa mara kuhusu matapeli wanaouza nafasi. Yeyote Jinja anayeomba pesa ili "akuweke kwenye listi" anakuibia. Kuruti hupelekwa Kaweweta, Nakaseke. Wanaotafuta uofisa hupitia Kabamba.

Wengi hukosea hapa wakidhani fani huchaguliwa getini. Kuruti kwanza ni askari wa miguu: anakimbia, anachimba handaki, anasafisha bunduki. Fani hufuata mahitaji ya jeshi, alama na vyeti. Aliyesema "napenda kompyuta" hana cha kuonyesha. Aliye na diploma ya umeme au mitandao anayo karatasi, na jeshi likitangaza nafasi za wataalamu, karatasi hiyo ndiyo inayoitwa. Kenya ni vilevile: nafasi za mafundi wenye vyeti hutangazwa kando na za kuruti wa kawaida. Tanzania vijana wengi hupitia kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Kwa hiyo kwa kijana wa mashariki ya Uganda, mwaka mmoja au miwili katika chuo cha ufundi cha Elgon, Mbale, au shahada ya uhandisi wa kompyuta ya Busitema, si kuchelewa. Ni kuingia ukiwa na neno la kusema kuhusu kitengo chako.

Na kuna swali ambalo watu wa rika lake hawalifikirii kwa sababu liko mbali: baada ya jeshi, itakuwaje? Fundi wa kampuni ya simu akihama kazi anaonyesha alichojenga. Askari wa mawasiliano haonyeshi. Mitandao aliyoifunga, misimbo aliyoitunza, masafa aliyoyapanga, vyote ni siri, na anavunja sheria akivitaja kwenye wasifu wake. Kinachobaki ni vyeti vinavyotambulika nje ya kambi, kama vile vya Cisco, na mazoea ya kazi: kuandika kumbukumbu, kufika zamu kwa wakati, kutogusa kifaa cha mwenzako. Mwenye busara huuliza mapema, kwa heshima: "Afande, kozi hii ina cheti gani?" Jibu likiwa hakuna, basi masomo ya jioni ayatafute mwenyewe.

Wapo waliokwishakuwa mafundi hodari ambao hawafai kabisa. Mtu anayechoshwa na saa nne za kusikiliza mkwaruzo, au asiyeweza kuifunga siri kwa mkewe, au anayeona aibu kusema "rudia, sikusikia", akae na simu zake Nalufenya. Nchi inahitaji simu zitengenezwe pia. Na wapo wasiojua kabisa Windows inapakiwaje, ila wana sikio na subira, ambao wangefunzwa kompyuta kwa miezi michache wakawapita wengi. Maafisa wanaofanya usaili wangefanya vema kupima hilo kabla ya kupima mbio.

Kijana anayetaka kujipima mwenyewe hahitaji kusubiri tangazo. Atafute redio ndogo ya mitumba yenye mawimbi mafupi na SSB, namna ya sauti wanayoitumia wapenzi wa redio. Wapenzi wa redio, ambao Uganda huwatambua kwa herufi za mwanzo 5X, huzungumza karibu na megahezi 7. Kurusha kunataka leseni ya tume ya mawasiliano, lakini kuwasikiliza hakuna shida. Mita 20 za waya, mwembe mmoja, kona ya paa. Jioni, jua likishazama upande wa Kampala, sauti za mbali huanza kupanda, zingine za kubishana, zingine za Morse tupu, nukta na mstari. Jirani akiwasha taa yake ya LED ya bei rahisi kelele itazifunika, na itabidi kwenda kumbishia hodi na kumwomba azime kwa nusu saa. Kisha daftari, saa, na kuandika kile tu kilichosikika.